Upande wa Kwanza, Upande wa Kumi

Vijana, wenzangu wa kazi ya vipaza sauti, mlioko Zanzibar na Mombasa, ambao kwa miaka mingi tumekuwa tukitumiana sindano na vipuri ndani ya makopo ya maziwa, mmeniomba niandike kazi hii ilivyokuwa kabla yenu. Nimestaafu juzi tu, muda ninao, na mke wangu amekwisha kunidokeza kwamba muda huo nikautumie mbali na jiko lake. Basi naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwa sababu vyote vilikuwa vidogo na habari yake ni fupi.

Kiswahili changu ni cha bibi yangu, mtu wa Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, kilichochanganyika na cha mabaharia. Mjini kwetu Mahajanga watu husema Kimalagasi na Kifaransa, na Kikomoro wakishafunga mlango. Kwa hiyo maneno ya watu mtakayoyasoma humu hawakuyasema kwa Kiswahili. Nimewatafsiria, wala sikuwatoza.

Nilianza kwa Fundi Mdahoma, mtaa wa Tanambao. Alikuwa akikodisha santuri, mashine ya kupigia muziki, na sahani zake kwa harusi, kwa mahoteli na kwa manahodha wenye upweke, na kila Jumapili baada ya alasiri alikuwa mpigaji wa santuri katika ukumbi wa chama kimoja cha wapenda muziki, watu wa ofisini na wafanyabiashara waliokuwa wakikaa kimya kusikiliza sahani kama wengine wanavyosikiliza hotuba. Siku ya kwanza hakunipa sahani. Alinipa sinia la bati akaniambia nivuke nalo ua wake wenye mchanga, nimelishika kwa kingo tu. Nikavuka, akanirudisha, nikavuka tena. Halafu akaliinua sinia juani, akaniona nilipojiandika.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, Fundi. Kidole gumba changu."

"Wewe njoo kesho. Yeye abaki nyumbani."

Zana zake mtazicheka. Sindano za chuma alizitumia kwa sahani za harusi, ambazo zilikuwa zimekwisha kupata kila aina ya mateso. Kwa sahani anazozipenda alitumia miiba ya raketa, ule mpungate mkavu unaoota kila mahali kwetu. Aliichuma mwenyewe, akaianika juu ya bati, akaichonga kwa wembe hadi ikawa na ncha ya kuchoma hewa. Mwiba haukwangui sahani. Sauti yake ni ndogo kidogo, lakini Fundi alisema anayetaka kelele aende gatini.

Na alikuwa na sheria moja. Sahani ikitoka kwenye mfuko wake wa karatasi, inasema pande zote mbili, kisha inarudi mfukoni. Haiwekwi kando ikangojea zamu. Upepo wetu una mchanga, na kila ukiitoa na kuirudisha unaisugua. Isitoshe, huko nyuma, kwenye harusi moja, alikuwa ameweka sahani juu ya kiti kwa muda wa kukohoa tu, akaja mjomba wa bibi harusi akaikalia. Tangu siku hiyo Fundi alihesabu wanadamu kwa makalio. Kabla ya kufungua sanduku lake alikuwa akitazama ukumbi na kuniuliza, "Ni mangapi leo?"

Uhuru ulipokuja, Wazungu wengi wakaanza kufunga mizigo, na mizigo yao haikuingia yote melini. Ilikuwa neema kwetu. Wao walikwisha kuhamia kwenye sahani mpya nyepesi. Zile nzito za zamani, zinazovunjika kama vigae, walikuwa wakiziuza kwa bei ya kuzibeba. Fundi alinituma mimi kununua kwa sababu hakuwa na uso wa kupatana bei. Mimi ninao. Nami huhesabu kila kitu mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya muuzaji, ya pili kwa ajili yangu.

Ndivyo nilivyofika kisiwa cha Nosy Be kwa meli ya mizigo, hadi nyumba moja upande wa Ambondrona. Mwenyewe alikuwa mjane anayeitwa Madamu Helvi. Mumewe, Mfaransa, alikuwa mkenekaji wa mafuta ya mlangilangi, yale maua ya manukato. Yeye hakuwa Mfaransa. Alikuwa mtu wa Ufini, nchi ambayo mimi nilidhani ni jina la kiwanda. Hakuwa anaondoka kwenda popote. Ila mashine yake ya kupigia sahani ilikuwa imekufa, na wa kuitengeneza hakupata.

Alinionyesha sanduku la kazi za mtunzi mmoja wa kwao, aliyekuwa akitunga mwanzoni mwa karne hii. Jina la mtunzi lilikuwa na nukta juu ya herufi zisizohitaji nukta, kwa hiyo sisi tulimwita Mfini na mambo yakaenda. Sandukuni mlikuwa na sahani ya dansi ya polepole, sahani mbili za nyimbo za mwanamke na piano, na sahani tano zilizobeba kazi moja kubwa, simfonia, pande kumi kamili. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Kisha nikaanza kazi yangu.

"Hii ina ufa, Madamu."

Akaisogeza sahani kwenye mwanga, akabana kitu kwa kucha mbili, akakiinua. "Huu ni unywele wako, Bwana Bakari."

Tukaendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Mwisho alikubali bei yangu ya kwanza, jambo ambalo hunitia wasiwasi, halafu akaongeza sharti: siku yoyote kazi ile kubwa itakapopigwa mbele ya watu na wanamuziki walio hai, nimwalike. Nikafikiri kichwani: Mahajanga, wanamuziki, simfonia ya Mfini. Nikaona sharti hilo ni bure kabisa. Nikampa mkono.

Tulipoanza kuzipiga ukumbini, nilimwonyesha Fundi jambo lililonisumbua. Sahani ya kwanza ilikuwa imeandikwa moja upande huu, na kumi upande wa pili. Sahani iliyofuata, mbili na tisa. Iliyofuata, tatu na nane.

"Fundi, namba hizi hazifuatani."

"Huko kwao kuna theluji," akasema akichonga mwiba. "Walizibandika wakiwa wamevaa glovu. Sahani inasema pande zote mbili."

Na ikasema. Kila ilipofika zamu yake, kazi ile ya Mfini ilianza kwa utulivu, pembe zikiitana kwa mbali kama meli mbili zisizoonana; na mara tu baada ya hapo ikamalizika kwa kishindo kikubwa, kila chombo kikipiga kwa nguvu zake zote. Halafu ikaendelea. Kulikuwa na ngurumo, kisha usingizi, kisha mtu kama anajibu swali ambalo bado halijaulizwa. Upande wa tano na wa sita, ambazo kwetu zilikuwa za mwisho, zilikubaliana vizuri mno, na watu wakatoka ukumbini wamefarijika kwamba Mfini na nafsi yake wamepatana. Karani mmoja wa forodha alitueleza kwamba huko kaskazini jua huzama mchana, kwa hiyo si ajabu kitu kikaisha kabla ya kuendelea. Tulimwona msomi sana. Kazi hiyo ikapendwa. Wengine walikuja kwa ajili ya kile kishindo tu, wakaondoka kabla ya sahani ya pili, wakiamini wameshaupata mwisho. Walikuwa sahihi kuliko sisi.

Sahani ya dansi tuliikodisha kwa harusi, mpaka mpishi mmoja akaja kulalamika kwamba wageni wakiisikia wanatafuna polepole na pilau lake linapoa.

Sasa aingie Ramanitra. Alikuwa akipima marobota ya katani kwenye mizani bandarini, na baada ya kazi alipiga klarineti katika bendi ya mji. Kiongozi wa bendi, Mfaransa, alipoondoka, Ramanitra aliishika bendi kwa muda, bila cheo. Kamati ya mji ilitaka kumthibitisha, lakini mkaguzi kutoka mji mkuu aliweka sharti: kwanza aongoze kazi ya Ulaya, nzima, si vipande. Akishindwa, ataletwa mtu mwingine, na Ramanitra atabaki na mizani yake. Tulikuwa nchi huru, na ilitubidi tuthibitishe hilo kwa muziki wa watu wengine.

Noti zilizochapishwa hakuwa nazo. Alikuwa na masikio, penseli, na santuri ya Fundi. Kwa miezi alikaa kwetu akiandika yote aliyoyasikia, akigawa fidla kwa klarineti na kodiani, na pembe kwa matarumbeta. Kilichomtesa ni miungano.

"Zoky," alikuwa akiniambia, na huko kwetu hilo ni neno la kumwita kaka mkubwa, "huyu Mfini wako anaruka kama mbuzi. Upande ukiisha, anaibukia kijiji kingine."

"Atakuwa na sababu zake."

"Sababu zake haziwezi kupulizwa na tarumbeta. Lazima nijenge madaraja."

Akajenga madaraja manane, vipande vifupi vya kwake mwenyewe, vya kuvusha bendi kutoka upande mmoja wa sahani hadi mwingine. Muungano wa mwisho tu, wa upande wa tano na wa sita, ndio ambao haukuhitaji daraja. Nilivisikia vikizaliwa kimoja kimoja. Kile kilichotoka kwenye kishindo na kurudi kwenye utulivu kilimchukua muda mrefu kuliko vyote. Alikimaliza kwa klarineti peke yake, ikishuka kama mtu anayeteremka ngazi akiwa amebeba mtoto aliyelala.

Tarehe ikapangwa, Jumamosi alasiri, ukumbi wa mji. Hapo ndipo nilipokumbuka kile nilichokiona cha bure. Ahadi ni ahadi, nikamwandikia Madamu Helvi. Akaja. Nikampangia chumba kwa shangazi yangu, mtaa wa Antanimasaja, na Ijumaa alasiri akaja kusikiliza mazoezi ya mwisho.

Alikaa mstari wa kwanza, mikono mapajani. Upande wa kwanza ulipopigwa, alifumba macho. Daraja likapita. Kilipokuja kishindo cha mwisho, aliyafumbua, akatazama huku na huku kama mtu aliyeamshwa kituo sicho. Hakuyafumba tena. Bendi ilipomaliza, Ramanitra akashuka, klarineti kwapani.

"Madamu, kuna kosa?"

"Nani alikufundisha mpangilio huu?"

"Sahani zako mwenyewe."

Madamu akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Fundi. Fundi akatazama dari.

"Baada ya upande wa kwanza mnapiga upande wa kumi," akasema Madamu.

"Ndiyo," akasema Fundi. "Si uko nyuma yake?"

Basi Madamu akaomba visahani vitano vya chai. Akavipanga kimoja juu ya kingine, akatueleza. Mashine yake ilikuwa na mti katikati. Unazirundika sahani zote tano juu yake, nayo inaziangusha moja baada ya moja, moja hadi tano. Zikiisha, unaligeuza rundo zima kwa mkupuo, akavigeuza visahani vyote pamoja, na mashine inaanza tena, sita hadi kumi. Kwa hiyo aliyekuwa wa kwanza, mgongoni kwake amebeba wa mwisho. Zilitengenezwa hivyo kwa ajili ya mashine ya namna ile. Hakuna aliyebandika akiwa na glovu.

Fundi alivitazama visahani. "Kwa hiyo mashine ndiyo iliyokosea."

"Mashine ilikuwa sawa, Fundi."

"Sasa iko wapi?"

"Imekufa."

"Basi," akasema Fundi, kama hakimu aliyefunga faili.

Ramanitra alikuwa amekaa juu ya ngoma kubwa. "Zoky," akasema, "nimemvalisha Mfini suruali kichwani." Kupanga upya kwa siku moja haikuwezekana. Madaraja yote yalikuwa yanavuka mito ambayo haikuwapo. "Mkaguzi atamwuliza Madamu. Atamwona, atamwuliza. Jumatatu nitakuwa kwenye mizani, na safari hii ni mpaka nizeeke."

Niliona ni zamu yangu. Nikavuta kiti karibu na Madamu.

"Madamu, tupatane."

"Unataka niseme uongo."

"Hapana. Uongo ni ghali, sina uwezo nao. Nataka usiseme usiloulizwa."

"Na nikiulizwa?"

"Ujibu ulichoulizwa. Usizidishe kipimo."

Akafikiri. Nami najua uso wa mtu anayefikiri na uso wa mtu anayepiga hesabu. Huu ulikuwa wa pili.

"Nami nina bei yangu," akasema. "Jumapili, ukumbini kwenu, mnipigie kazi yote kwa sahani zile, moja hadi kumi, kwa utaratibu wake. Mara ya mwisho niliisikia mume wangu akiwa hai."

Katika maisha yangu sijatajiwa bei ndogo kama hiyo, wala sijapata kushindwa kulipa namna hiyo. Maana haikuwa yangu kulipa. Kupiga moja hadi kumi ni kutoa sahani ya kwanza, kupiga upande mmoja, kuiacha nje, kutoa ya pili, na kuendelea hivyo hadi zote tano ziwe zimelala uchi mbele ya umma. Wote tukamgeukia Fundi.

"Zote nje kwa wakati mmoja?" akauliza.

"Zote, Fundi."

"Na watu wamo ndani? Na vile vitu vyao?"

"Wamo navyo."

Akachukua kofia yake akaondoka bila kuaga. Madamu akasimama, akakunja kitambaa chake. "Basi tutaona hiyo kesho," akasema, na sikujua anamaanisha tutaona nini.

Jumamosi ukumbi wa mji ulijaa. Mkaguzi alikaa katikati, suti nyeusi, jasho la kutosha watu wawili. Kushoto kwake akawekwa Madamu Helvi, kwa heshima, kama nilivyoogopa. Ramanitra alisimama mbele ya bendi na koti la kuazima; mkono wa kulia wa koti ulikuwa mrefu, akaukunja. Kabla hajainua kijiti, mlango wa nyuma ukafunguka, Fundi Mdahoma akaingia na vumbi miguuni, akapita mstari wa mbele bila kumsalimu mkaguzi, akainama sikioni kwa Madamu. Mimi nilikuwa nyuma yao.

"Kesho, baada ya alasiri," akasema. "Mtakaa chini, kwenye mikeka. Nimevitoa viti vyote."

Madamu akaitikia kwa kichwa. Bendi ikaanza.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa kamilifu. Kodiani ilichelewa mahali pawili, na tarumbeta la tatu lilikuwa na mawazo yake. Lakini utulivu ulikuwa utulivu, na kishindo kilipokuja madirisha yalijibu. Baada ya kishindo watu wakaanza kupiga makofi, mkaguzi akiwa wa kwanza. Ramanitra hakugeuka. Akainua klarineti yake mwenyewe, akashuka ile ngazi ya daraja lake polepole, na makofi yakanyamaza moja moja, mpaka ukumbi mzima ukawa unashuka naye. Nilimtazama Madamu. Safari hii alikuwa amefumba macho.

Mwishoni mkaguzi akafungua kalamu, akamgeukia.

"Madamu, mimi nimeambiwa wewe ni wa nchi ya mtunzi. Niambie. Hii ni kazi yake nzima? Maana sharti letu ni nzima."

"Ni nzima, Bwana Mkaguzi. Nimehesabu mara mbili."

"Hakuna kilichopunguzwa?"

"Hakuna hata kidogo. Kuna cha ziada."

"Cha ziada?"

"Kiongozi ameongeza kidogo kutoka kwake."

Mkaguzi aliandika. Nimeshughulika na watu wa serikali wa kila namna, na sijamwona bado anayelalamikia nyongeza. Akafunga kalamu, akaenda kumpa Ramanitra mkono, na mizani ya bandarini ikapata mtu mwingine.

Jumapili nilikuta ukumbi wetu mtupu kama msikiti, mikeka ukuta hadi ukuta, viti vyote vimerundikwa uani na kufungwa kamba, kisije kimoja kikajaribu kurudi. Kando ya santuri Fundi alikuwa ametandika saluva mpya ya mkewe, ile nguo ya kujifunga ya kina mama wa kwetu, na mkewe, Mama Zaina, alikuwa amekaa karibu nayo akiilinda kwa macho. Fundi akatoa sahani ya kwanza. Akapiga upande wa kwanza. Ulipoisha, mkono wake ulianza kuigeuza wenyewe, kwa mazoea. Akaushika kwa mkono wa pili. Akailaza sahani juu ya saluva kama mtu anayemlaza mgonjwa, akatoa ya pili.

Alichonga mwiba mpya kila upande. Hakuna aliyesogea. Utulivu ukafuatwa na jambo lililotokana nao, na hilo likazaa jingine. Madamu Helvi alikaa mkekani amenyoosha miguu kama msichana, viatu mkononi. Ngurumo ikaja mahali ambapo tayari ulikuwa unaiona ikija. Swali likaulizwa, ndipo likajibiwa. Halafu, mwisho kabisa, kikaja kile kishindo, na Mama Zaina akanong'ona kwa sauti iliyofika mlangoni, "Huyu si yule wa pili? Mbona leo amechelewa hivi?"

Madamu alicheka mpaka akajifuta macho, na kujifuta kukachukua muda mrefu kuliko kucheka.

Fundi akarudisha sahani mifukoni moja moja, zote tano nzima. Wiki iliyofuata sheria yake ilirudi pamoja na viti, na chama kwa kauli moja kikaomba Mfini apigwe kama zamani.

Ramanitra alibaki mkekani, karatasi zake mapajani. Alikuwa ametia alama ya penseli kila mahali upande mmoja ulipopokea mwingine. Nikakaa kando yake.

"Zoky," akasema, "yeye hakuhitaji daraja hata moja."

"Yeye," nikamwambia, "hakuwa na Fundi Mdahoma."